Barua Kutoka Tukuyu: Nyumba Katika Nchi ya Maziwa na Migomba

Dada mpendwa na Shemeji,

Mliniagiza nikifika Rungwe nisiwaletee habari ya bei peke yake. Mlitaka niwaeleze nchi ilivyo, watu walivyo, na kama kiinua mgongo cha Shemeji kinaweza kuwapatia nyumba ya kupumzikia uzeeni bila kuwaachia kesi ya ardhi. Kaeni kitako, barua ni ndefu.

Nianze na kaka yetu wa Lexington. Tangu atutumie zile picha za mashamba ya farasi ya Kentucky, uzio mrefu na majani mabichi hadi macho yanapoishia, na kutusimulia jinsi Kiswahili cha Wakongomani kinavyosikika hadi sokoni kwao, sote tulishikwa na hamu ya kuishi mahali pa kijani penye utulivu. Mwambieni kijani kipo, na utulivu upo. Farasi ndio hawapo. Rungwe ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, tena hamtawaona wakitembea malishoni. Wamo bandani nyuma ya nyumba, kando ya migomba, na majani wanaletewa mlangoni. Nimekaa huku nikitazama viwanja, nikiongea na madalali, wazee na maofisa, na nimeona kwamba mtu asiyelielewa hilo banda hawezi kuielewa ardhi ya Rungwe wala kuinunua salama.

Njia haina shida. Kwa basi kutoka Dar mtapita Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa na Makambako hadi Uyole, kabla hamjaingia Mbeya mjini. Ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo kama mgongo wa Shemeji utakataa, ipo ndege hadi uwanja wa Songwe, na ipo treni ya TAZARA kwa asiye na haraka. Pale Uyole barabara inachepuka kwenda kusini, kuelekea Kyela na mpaka wa Malawi. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70 za lami, na mabasi madogo ya Costa hayakatiki mchana kutwa.

Dada, ukipanda hiyo Costa omba kiti cha dirishani upande wa kushoto. Gari likishapita Igawilo linaanza kukwea safu ya Uporoto, na hewa inabadilika hapo hapo, watu wanafunga madirisha. Isongole mtakuta viazi mviringo kwenye magunia yaliyofura, yamepangwa barabarani. Mkiteremka kuelekea Kiwira, viazi vinaachia nafasi migomba, na pale sokoni Fuso zinapakia mikungu ya ndizi inayokwenda kuuzwa huko huko Dar. Baada ya hapo inakuja chai, imechongwa usawa mmoja juu ya vilima, na upande wenu wa kushoto mlima Rungwe wenyewe, mita 2,960, kichwa kimefunikwa ukungu siku nyingi kuliko kilivyo wazi.

Mji wa Tukuyu ni mdogo, umekaa mgongoni mwa kilima. Wajerumani walipohamishia hapa ofisi zao kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, mwanzoni mwa karne ya 20, waliuita Neu-Langenburg, na boma lao bado lipo. Kata za mjini msije mkazichanganya na majina ya huko pwani: ipo Bagamoyo na ipo Msasani, mbali na Bulyaga, Makandana na Kawetele. Dalali akisema ana kiwanja Msasani, anamaanisha hapa hapa. Na Shemeji aje amejiandaa kuzungumza mpira, kwa sababu wazee wa hapa hawajaacha kuisimulia Tukuyu Stars, Banyambala, waliobeba ubingwa wa Tanzania mwaka 1986. Kwa mgeni wa kiume, hiyo ndiyo njia fupi ya kupata kiti kijiweni.

Kuhusu matibabu, maana najua presha ya Shemeji ndiyo inayokunyima usingizi: hospitali ya wilaya ipo Makandana, mjini kabisa. Upande wa Kiwira ipo Igogwe, hospitali ya Wakatoliki. Jambo likizidi, rufaa ni Mbeya, barabara hiyo hiyo mliyojia. Nawashauri mlipime hilo kabla ya kupima uzuri wa mandhari. Nyumba ya uzeeni isiwe mahali ambapo usiku wa mvua gari halifiki.

Na mvua, jamani, lazima niizungumze kwa kirefu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mvua ya Dar. Inaanza Novemba na kuendelea hadi Mei, kilele chake ni Machi na Aprili. Baada ya hapo inakuja baridi ya Juni na Julai, na manyunyu na ukungu ambavyo mtu wa pwani anaweza kudhani ni masika mengine. Agosti hadi Oktoba ndipo jua linapokaa, na ndipo madalali wanapopenda kuwaleta wateja. Kiwanja chochote cha Tukuyu kinapendeza mwezi wa Septemba. Mwezi wa Aprili kila kiwanja kinasema ukweli wake: maji yanapita wapi, barabara ya udongo inageuka nini, ukuta unanyonya unyevu kutoka upande gani, choo cha jirani wa juu kinatiririkia wapi.

Lakini mvua hiyo ndiyo iliyoijenga nchi, pamoja na moto wa chini. Udongo huu mweusi ni majivu ya volkano. Rungwe ulilipuka kwa kishindo kama miaka 4,000 iliyopita, na mdogo wake Kyejo ulitoa lava karibu mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu ya milima. Mpaka leo, kule Kyejo gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini yenyewe, na kampuni ya TOL Gases inaivuna. Ndiyo inayotiwa kwenye soda na bia. Ukichanganya majivu ya namna hiyo na mvua ya namna hii, unapata ardhi inayobeba ndizi, kahawa, maharage, chai na parachichi kwenye kipande ambacho sisi tungekiona kinatosha gereji na bustani ya maua.

Mama mwenye nyumba niliyopanga ana eneo lisilofika ekari moja. Humo mna nyumba, migomba, mibuni michache, miparachichi ya Hass aliyopanda miaka ya karibuni kwa ajili ya wanunuzi wa nje, na banda la ng'ombe wawili, mmoja Friesian na mwingine chotara. Kabla ya jua kuchomoza anakamua. Kijana wa bodaboda anapita na madumu kuchukua maziwa ya kupeleka kwenye kituo cha kukusanyia. Kisha mama na mjukuu wake wanakwenda kukata majani kwenye ukingo wa mteremko, mabingobingo na majani ya guatemala yaliyopandwa kwa safu ili yashike udongo usiporomoke. Samadi inarudi kwenye migomba. Maganda na mashina ya migomba yanarudi kwa ng'ombe. Hakuna kinachotupwa.

Ng'ombe wake wa kwanza alimpata kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, na ndama jike wa kwanza anayezaliwa unampa jirani aliye zamu inayofuata. Alinionyesha nyumba za majirani waliopokea ndama waliotoka bandani kwake. Alizitaja moja moja, kwa furaha ya mtu anayetaja wajukuu. Anapokwenda msibani, majirani hao ndio wanaomkatia ng'ombe wake majani.

Sasa tuje kwenye kutafuta. Niliposema sokoni kwamba nina ndugu wanaotaka kununua, habari ilisambaa kabla sijamaliza kunywa chai. Maeneo niliyoletewa na watu ni ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni viwanja vilivyopimwa ndani ya mji, vyenye namba ya kiwanja na kitalu, vilivyomo kwenye mchoro wa mipango miji. Hivi si vikubwa, na bei yake inapanda kadiri unavyosogea kwenye lami, umeme na bomba la maji. Hata hivyo mtu anayetafuta kiwanja Goba au Bunju, huko Dar, akizisikia bei hizo atapumua. Aina ya pili ni nyumba zilizokwisha jengwa, nyingi za wastaafu waliohamia kwa watoto wao au za warithi waliogawanyika. Nimeona moja nzuri upande wa Kawetele, matofali ya kuchoma, bati bado zima, uani kuna miparachichi miwili. Aina ya tatu ni mashamba ya vijijini, nje ya mji, na hiyo ndiyo inayoshika moyo wa mgeni.

Ilinishika hata mimi. Mzee mmoja alinipeleka kwenye mteremko unaotazamana na mlima Rungwe, chini kuna kijito, juu kuna migomba iliyokomaa. Alitaja bei ambayo mngelipa na bado mkabaki na hela ya kuanzia msingi. Nikasimama pale nikiwaona ninyi wawili mmekaa barazani. Kisha nikamwomba tulizunguke eneo lote. Upande wa chini nikakuta majani yaliyopandwa kwa safu, yamekatwa asubuhi ile ile. Nikauliza ni ya nani. Ya mke wa marehemu kaka yake, akasema, anayefuga ng'ombe nyumba ya pili. Kwenye migomba nikakuta makaburi yaliyosakafiwa: baba yake mzee, na huyo kaka. Nikauliza kama ukoo umekaa kikao. Akasema watakaa mteja akipatikana.

Yule mzee si mtu mbaya. Ana mjukuu aliyefaulu kwenda chuo, na ada haisubiri parachichi zikomae. Ila eneo lile si lake peke yake, hata kama karatasi yoyote ingesema ni lake. Mjane akinyang'anywa ule ukingo wa majani, ng'ombe wake hana chakula. Ng'ombe akiuzwa, migomba inakosa samadi na nyumba inakosa hela ya chumvi na sabuni. Na ninyi mngekuwa mmejenga baraza yenu mbele ya makaburi ya watu, mkizungukwa na jirani ambaye kila akipita anaona pale palikuwa majani ya ng'ombe wake. Rungwe ina watu wengi, mashamba yamegawanywa kutoka babu hadi baba hadi mtoto, na ukiona kipande kinaonekana hakina mtu, jua kina mtu aliyekwenda kukamua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na naomba mniunge mkono: tusinunue shamba la kijijini. Tununue mjini, kiwanja kilichopimwa au nyumba iliyokwisha jengwa, na maziwa, ndizi na maharage tuwe tunanunua kwa hao wanaovizalisha. Hivyo hela yenu itaingia Rungwe kila mwezi, na ardhi ya kijiji itabaki na wanaoilima. Najua Shemeji ana ndoto ya ng'ombe wake mwenyewe. Uani mwa nyumba ile ya Kawetele banda la ng'ombe mmoja linaingia, mradi sheria ndogo za mji ziruhusu na majani tuyanunue kwa mwenye nayo.

Hata sheria inaelekea huko huko. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Ardhi ya mjini iko chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, na hati yake huwa ya miaka 33, 66 au 99. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka huo huo, na hapo msimamizi ni halmashauri ya kijiji, chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mtu wa nje hawezi kuhamishiwa shamba la kijiji kwa mkono wa dalali na mashahidi wawili tu. Bila idhini ya halmashauri ya kijiji, alichonunua ni mgogoro. Na kaka yetu wa Lexington akumbuke kwamba kama siku moja atachukua uraia wa Marekani, hataweza tena kushika ardhi kama sisi, maana asiye raia hupata ardhi kwa utaratibu wake maalumu. Kwa hiyo jina lake lisiingizwe kwenye hati kabla hajaamua.

Mkishapenda kiwanja au nyumba ya mjini, mambo ya kufuata ni haya. Mwoneni kwanza mwenyekiti wa mtaa, kwa heshima, kabla ya kumlipa dalali chochote. Yeye na majirani ndio wanaojua nani alijenga, nani alirithi na nani anadai. Kisha nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkahakikishe namba ya kiwanja na mchoro, mjue kama pamepangwa makazi au barabara itapita. Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati muone kama kuna mkopo wa benki juu yake. Mwende na mpimaji mkayaone mawe ya mpaka kwa macho yenu, huku majirani wa pande zote wamesimama hapo. Kama muuzaji ana mwenzi wa ndoa, saini ya mwenzi ni lazima, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe kimyakimya na mmoja. Kama ni urithi, aonyeshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, hela zipite benki, na mkubaliane mapema nani analipa nini: kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida na kisheria ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu, kama asilimia 1 ya thamani. Hizo zisipolipwa, jina halihami.

Ujenzi nao una masharti ya hapa. Fundi mmoja wa makamo, aliyejenga nyumba nyingi za mjini, alinitembeza kwenye nyumba za zamani kunionyesha kwa nini zimedumu. Paa la kila nyumba limeinama vya kutosha na limechomoza mbali nje ya ukuta, ili maji yasilambe tofali. Msingi umeinuliwa, na upande wa juu wa mteremko kuna mtaro uliojengwa kwa mawe. Madirisha ni makubwa upande wa jua, madogo upande wa upepo. Mkanda wa zege unazunguka juu ya kuta zote, maana eneo hili liko kwenye Bonde la Ufa na mitetemeko ya ardhi hutokea. Kisha kuna tangi la kuvuna maji ya paa, kwa sababu bomba likikatika, mvua ya hapa inatosha kuwanywesha. Umeme huyumba miti inapoangukia nyaya wakati wa dhoruba, kwa hiyo tengeni hela ya sola ndogo. Na jiko la kuni au mkaa lenye bomba la moshi msiliondoe hata kama mna gesi. Mwezi wa Julai mtalikumbatia.

Nisije nikawachosha kwa kodi na misingi, mkadhani huku hakuna raha. Jumapili baada ya ibada watu wanatembea. Daraja la Mungu lipo juu ya mto Kiwira, mwamba wa volkano uliojipinda wenyewe kutoka ukingo hadi ukingo, na mbele kidogo ni Kijungu, mahali mto mzima unapoingia kwenye shimo la mwamba na kuibukia upande wa pili. Ziwa Ngozi ni la kupanda kwa miguu msituni hadi ukingo wa kreta, na maji yake yanaonekana chini sana. Shemeji atalitazama tu kwa picha, lakini Dada utafika. Kusini kuna maporomoko ya Kaporogwe, na Ziwa Masoko lililo karibu na boma lingine la Wajerumani, ambako wenyeji wanasimulia kwamba Wajerumani walitupa fedha zao majini wakati wa vita. Na kwenye msitu wa mlima Rungwe, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, yupo kipunji, kima ambaye wawindaji wa hapa walimjua tangu zamani, lakini wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakamwekea jenasi yake peke yake. Fikirieni, mnyama mkubwa kiasi hicho, na dunia ilikuwa haijamsajili.

Chakula hakina shaka. Asubuhi ni chai ya maziwa na parachichi. Mchana ni mbalaga, ndizi za kupika, na maharage, au nyama siku njema. Jioni ni ugali na maziwa mgando. Salamu mtazizoea: mtu mzima anasalimiwa "Mwaghonile", na "Ndaga" inafaa kushukuru. Mkijaribu hata kwa ulimi mzito, nyuso zinafunguka. Kanisa la Moraviani liko Rungwe tangu 1891, kwa hiyo Dada kwaya utapata. Msikiti nao upo mjini, na jirani wa kila dini anaitwa kwa kazi ya msiba bila kuulizwa anasali wapi.

Nikisema jirani, nasema jambo zito huku. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliwasifu sana Wanyakyusa, wenyeji wa huku, kwa usafi wa makazi yao na migomba yao. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliokaa huku kati ya 1934 na 1938, walieleza kwamba vijana wa rika moja walikuwa wakijenga kijiji chao wenyewe, kando na cha baba zao, wakaoa humo na kuzeekea humo. Mtu aliishi na wenzake wa umri wake, wakila pamoja na kulimiana mashamba. Vijiji vile vya rika vimekwisha, ila naona desturi ya kuchagua wa kuishi nao imebaki. Mama mwenye nyumba wangu hakuniuliza ninyi mna hela kiasi gani. Aliuliza kama mnahudhuria misiba, kama mnakopesha jembe, na kama watoto wenu watakuja au mtaachwa peke yenu. Naombeni mjibu maswali hayo kabla hamjauliza bei, kwa sababu mtu aliyejifungia ndani ya ukuta huku hatadumu. Siku gari limekwama kwenye tope saa nane usiku na Shemeji anahitaji kufika Makandana, watakaokuja kusukuma ni wale ambao mlishika nao jembe makaburini.

Sasa mpango wangu. Msitume hela yoyote kwa sasa, hata ya kushikia. Ile nyumba ya Kawetele warithi wake wameniambia wanasubiri barua ya mahakama ya mirathi, na haitatoka kesho, jambo ambalo kwetu ni zuri. Mama mwenye nyumba wangu ana vyumba viwili vya kupangisha upande wa nyuma. Njooni mpange kwake kuanzia Machi hadi Julai, mvua na baridi zote mzione. Mpande Costa, mwende zahanati, mwende sokoni Kiwira, mwende misibani, Shemeji ashinde kijiweni akisikiliza habari za 1986. Ikifika Julai presha ya Shemeji iko vizuri na bado mnapenda, tutakwenda wote kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikiwa mmechoka na ukungu, mtarudi Dar mmepoteza kodi ya miezi mitano tu, na kiinua mgongo kiko benki salama.

Yule mzee wa mteremko nilirudi kumwona, nikamwambia hatutanunua shamba lake, nikamweleza na sababu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama kuna mtu Dar anayeweza kununua parachichi zake moja kwa moja, bila mchuuzi wa katikati. Dada, una wateja wa matunda pale Mabibo. Zungumza nao wiki hii unijibu, maana ada ya yule mjukuu inatakiwa kabla chuo hakijafunguliwa.

Mje na masweta mazito na viatu vya mvua, na mwavuli mkubwa wa Shemeji msiusahau. Nimeshamwambia mama awawekee nafasi.

Ndimi mdogo wenu,
Bulyaga, Tukuyu